Usiteremke kwa Visigino

Binti yangu alikuwa na miaka minne aliponiuliza nani ameumwagia mlima wetu chumvi. Tulikuwa kwenye basi la usiku kutoka Kampala, tumeshaupita mstari wa ikweta pale Kikorongo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwa kawaida saa hiyo Rwenzori imejifunika gubigubi. Siku hiyo mawingu yalikuwa yamejiinua kidogo, na juu kabisa, nyuma ya safu za milima ya mbele, palionekana kitu cheupe. Mtoto aliyezoea kuona chumvi ya Katwe ikiuzwa kando ya barabara angesema nini kingine?

"Si chumvi, mama," nilimwambia. "Ile ni theluji."

"Theluji ni nini?"

Nikamweleza kwamba ni maji yaliyoganda kwa baridi. Akaniuliza kama nimewahi kuishika. Nimezaliwa Kilembe, chini ya mlima huohuo, na nilikuwa na miaka thelathini na minne siku ile. Sikuwa nimewahi. Aliyewahi ni baba yangu.

Niseme kidogo habari za Baba, maana bila yeye hakuna simulizi. Alikuwa kijana katika mgodi wa shaba wa Kilembe, ule ulioanza kutoa shaba mwaka 1956 na kusimama mwaka 1982. Ndiyo maana nyumbani kwetu tunazungumza Kiswahili: kambini walikusanyika watu wa Kigezi, wa Toro, wa West Nile na wa Kongo, na huko chini ya ardhi mtu alihitaji neno moja la "kimbia" ambalo kila mmoja analielewa papo hapo. Mgodi ulipofungwa, Baba hakurudi kulima. Alipanda mlima. Akawa mpagazi wa wageni, akianzia Nyakalengija, mzigo mgongoni na mkanda wa kuubebea ukiwa umepita kwenye paji la uso, gambuti miguuni.

Gambuti, ndiyo. Rwenzori ni mlima wa matope kabla haujawa mlima wa barafu. Kule kwenye bonde la mto Bujuku mtu hukanyaga vichuguu vya nyasi kimoja baada ya kingine, na akikosea anazama hadi magotini. Baba alifika na mizigo hadi kibanda cha Elena, kiasi cha mita 4,540 juu ya usawa wa bahari. Hapo wageni na waongozaji walifunga meno ya chuma chini ya viatu wakaendelea kwenye barafu kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109, na wapagazi wakabaki kwenye miamba wakiwasubiri. Usiku theluji ilianguka juu ya paa. Asubuhi Baba aliichota kwa mikono.

Safari moja aliijaza kwenye chupa ya chai, ile inayotunza joto, ili amletee Mama. Siku tatu za kuteremka. Alipofungua kifuniko uani, sisi wanawe na watoto wa jirani tumemzunguka kama sungusungu, chupa ilikuwa na maji matupu. Mama hakusema kitu. Aliyamimina kwenye sufuria, akaweka majani na sukari, akapika chai, na kila mtu akapata mnywo mmoja. Hiyo ndiyo theluji ya kwanza kuingia kinywani mwangu, kama inahesabika.

Wakonzo wanaiita nzururu, na kutoka hapo ndipo lilipotoka jina Rwenzururu, mahali pa theluji. Wazee wanasema ni makao ya Kitasamba, mungu wa mlima. Sikukuzwa kuiona kama kitu cha kuchezea, na nalisema hili mapema kwa sababu lilinikaa rohoni muda wote wa yale yaliyofuata.

Dada yangu ni muuguzi Calgary, Kanada. Mwaka jana alitutumia tiketi twende kwake Desemba, mimi na binti yangu ambaye sasa ana miaka mitano. Kwenye simu alimwahidi mtoto kitu kimoja tu: "Njoo, Mama Mkubwa atakufundisha kuteleza kwenye theluji." Basi. Kuanzia siku hiyo hatukulala.

Wiki mbili kabla ya kuondoka nilimpeleka Kilembe akawaage babu na bibi yake. Akamweleza babu yake mambo yote, kwa mikono na kwa kelele: mbao mbili, mguu mmoja ubao mmoja, unashuka mlima fyuuu. Baba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua panga, akaenda migombani, akarudi na ganda refu la mgomba, bichi, linaloteleza kama kambare.

Kila mtoto wa milimani analijua ganda hilo. Unakaa juu yake, unashika ncha ya mbele, unasukumwa. Lakini Baba hakumruhusu akae. Alimsimamisha kwenye mteremko wa nyasi nyuma ya nyumba, mvua imetoka kunyesha, akamvua ndala, akamwambia ateremke kwa miguu kwanza. Mtoto akafanya kama anavyofanya kila mtu anayeogopa: akajivuta nyuma, akakanyaga kwa visigino. Miguu ikamtoka, akaketi matopeni pwaa.

"Umeona?" Baba akamwambia. "Mlima hauteremkwi kwa visigino. Ukiuogopa ukajivuta nyuma, unakuangusha. Kunja magoti. Kifua kiende mbele. Uutazame unakokwenda."

Alisema hivyo labda mara ishirini jioni ile. Alimshika mkono, wakateremka wote wawili, mzee wa miaka sabini na ushei na mtoto wa miaka mitano, magoti yamekunjwa, hatua fupifupi. Ganda la mgomba lilikuja mwisho kabisa, kama zawadi.

Safari yenyewe sina la kusimulia. Entebbe, viwanja viwili katikati, usingizi wa vipande, mtoto aliyetapika mara moja. Tulifika.

Kilichomshangaza binti yangu kwanza hakikuwa theluji, lilikuwa jua. Huku kwetu jua linachomoza saa moja na kuzama saa moja, mwaka mzima, na mtoto amejengwa juu ya saa hiyo. Calgary mwishoni mwa Desemba jua linatoka saa mbili na nusu asubuhi, na ikifika saa kumi na nusu jioni limekwisha kwenda zake. "Mama Mkubwa, jua la huku linaumwa?" Na jambo lingine lililonishangaza mimi: Calgary iko kiasi cha mita 1,045 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kasese haupungui sana hapo. Karibu kimo kilekile. Kwetu unavaa fulana na unafunga dirisha kwa ajili ya mbu. Kule pumzi inaganda kwenye skafu. Kwetu lazima upande karibu mita elfu nne ndipo ukutane na kitu ambacho kule kinakusubiri mlangoni.

Tulikwenda kwenye kilima kilichoko ukingoni mwa mji upande wa magharibi, kile kilichotumika kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1988. Si mlima. Mtu wa Kilembe angekiita kijimwinuko. Chini yake kuna sehemu ya wanaoanza, mteremko mpole kama uwanja wa shule uliolala upande, na kando yake mkanda mpana wa mpira unaopanda polepole. Watoto wanasimama juu yake na mbao zao, unawapeleka juu. Wanauita zulia. Binti yangu alipouona alicheka mpaka akashika tumbo.

Kicheko hicho kiliisha kwenye buti.

Buti za ski, zile mbao za kutelezea, si viatu kama tunavyovijua. Ni plastiki ngumu, juu hadi katikati ya muundi, zina vifungo vya chuma vya kubana, na mguu ukiwa ndani kifundo hakipindi kwenda kando hata kidogo. Ndiyo kazi yake: mguu na ubao viwe kitu kimoja, ili goti likiinama ubao usikie. Asubuhi ile nilikuwa nimemvalisha mtoto soksi mbili nene, na suruali ya ndani nimeichomeka ndani ya buti ili baridi isipenye. Mama yeyote wa kwetu angefanya hivyo. Baada ya robo saa akaanza kulia, kilio kile cha chini kisicho na hila, cha mtoto mwenye maumivu. Nikadhani ni woga. Nikambembeleza, nikamwahidi chokoleti, nikamwambia babu yake anamtegemea. Alilia zaidi. Siku ya kwanza ikaishia hapo, hatujafika hata kwenye zulia.

Jioni tulipomvua, nikaona alama ya mshono wa suruali imezama kwenye ngozi ya muundi wake, nyekundu, urefu wa kidole. Nilikaa sakafuni na mguu ule mapajani mwangu muda mrefu. Mtoto alikuwa amesema kweli tangu mwanzo, nami nilimjibu kwa chokoleti.

Kwa hiyo wewe utakayempeleka mtoto wako siku moja, nisikilize kwenye hili moja. Soksi iwe moja, nyembamba, ndefu kupita buti. Ndani ya buti pasiingie kitu kingine chochote, si suruali, si mkunjo. Soksi mbili zinabana mguu, damu haipiti vizuri, na vidole vinapata baridi kuliko vingekuwa na soksi moja. Na mtoto akilia, fungua buti uangalie kabla hujafungua mdomo.

Siku ya pili tulimwachia mwalimu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mpole, mwenye madoa ya jua mashavuni. Hakuanza na mbao. Alianza na buti peke yake, watembee. Kwenye theluji tambarare, mtu aliyevaa buti hizo hana njia ila kutanguliza kisigino, kwa sababu kifundo hakikunjiki. Binti yangu akasimama akanigeukia, ameudhika kabisa: "Babu amesema tusitumie visigino!" Nikamfasiria mwalimu. Akauliza babu ni nani. Nikamweleza, kwa kifupi, mzigo, mkanda wa paji la uso, matope ya Bujuku. Yule msichana akanyamaza kidogo, kisha akasema mwambie babu yake amesema kweli, visigino ni vya kutembelea tu, tukifika kwenye mteremko tutafanya la babu.

Kisha ubao mmoja, mguu mmoja, wanajisukuma kama mtoto anayesukuma skuta. Kisha mguu wa pili. Kisha mbao zote mbili, fupi, zinazomfikia kidevuni. Fimbo hawapewi watoto wadogo, mikono iwe huru. Na kabla ya kushuka hata hatua mbili aliwafundisha kuanguka, kwa upande, si kwa mgongo, na kuamka: mbao zikae kukingama mteremko, usizielekeze chini, maana ukisimama zitakuondokea. Aliwaangusha na kuwaamsha kama mara kumi. Nililipenda jambo hilo kuliko yote niliyoyaona pale. Huku kwetu tunamfundisha mtoto kuendesha baiskeli kwa kumsukuma na kumwombea dua.

Halafu ikaja breki. Mbao hizi hazina breki. Breki ni miguu yenyewe: ncha za mbele zikaribiane, visigino vitanuke, mbao zifanye umbo la pembetatu, na kingo zake za ndani zikwangue theluji. Ukitanua zaidi, unapunguza mwendo. Ukizinyoosha ziwe sambamba, unakwenda. Kule wanawaambia watoto "pizza" na "chipsi", kipande cha pizza kwa kusimama, chipsi mbili kwa kwenda. Binti yangu chipsi anazijua vizuri sana. Pizza ameila mara mbili maishani, na haikumwambia kitu. Alimtazama mwalimu, akanitazama mimi.

"Chapati, mama," nikamwambia. "Ile anayokukunjia Bibi mara mbili."

Uso ukamfunguka. Chapati iliyokunjwa mara mbili inakuwa pembetatu, ncha moja mbele, upana nyuma, na mtoto huyu ameshika moja mkononi karibu kila asubuhi tangu ameota meno. Akaikunja miguu yake chapati. Mwalimu akalishika neno, na saa nzima iliyofuata kilima kile kilisikia "chapati! chapati!" kutoka kwa msichana aliyekuwa akishuka kinyumenyume mbele ya mwanangu, mikono amemnyooshea bila kumgusa.

Alianguka. Alianguka sana. Kila alipoogopa mwendo alifanya yaleyale ya nyuma ya nyumba yetu: akajivuta nyuma, uzito ukaenda visiginoni, ncha za mbele zikawa nyepesi, mbao zikakosa kumtii, akaketi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hofu ya mteremko ni moja, uwe wa matope au wa theluji, na mwili wa mtoto unaijibu vilevile. Dawa nayo ni moja. Mwalimu aligusa muundi wa mtoto kwa mbele, akasema nataka huu usukume ulimi wa buti muda wote. Nami sikufasiri. Nikapaza sauti tu kutoka chini:

"Babu anasemaje?"

Nikaona magoti yanakunjika. Kifua kikaja mbele. Macho yakaacha kutazama mbao yakanitazama mimi. Alishuka chapati kubwa, polepole, mbao zinakwaruza kraaa, mita kumi, mita ishirini, mdomo wazi, hapumui, akasimama mwenyewe, hatua tatu kutoka nilipokuwa. Hakucheka wala hakushangilia. Aliniambia kwa sauti ndogo, kama mtu anayetoa taarifa: "Nimesimama mimi."

Siku ya nne alikuwa anapinda. Hilo nalo lina siri yake: ukitaka kwenda kushoto, kanyaga zaidi mguu wa kulia, nao ubao wa kulia unakupeleka. Watoto wanaipata kwa mwili upesi. Mimi niliielewa kwa kichwa na miguu yangu haijaielewa mpaka leo.

Usiku mmoja dada yangu alituonyesha video ya Philip Boit, Mkenya aliyekimbia kwa ski kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, kilomita 10, akiwa ameiona theluji kwa mara ya kwanza miaka miwili tu kabla. Alimaliza wa mwisho, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, na Dæhlie alikuwa bado amesimama mstarini anamsubiri, akamkumbatia. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Binti yangu alitaka kujua jambo moja tu: je, alianguka? Nikamwambia bila shaka. Akaridhika, akalala.

Tulirudi katikati ya Januari, na wiki hiyohiyo nikampeleka Kilembe. Njiani nilikuwa nimejawa na yale niliyosema hapo juu, kwamba sikukuzwa kuiona theluji kama mchezo. Na kulikuwa na hesabu kichwani mwangu ambayo naijua tangu shule. Mwaka 1906, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia aliyeitwa Duke wa Abruzzi alipoipanda Rwenzori, milima ile ilikuwa na barafu ya takriban kilomita 6.5 za mraba. Kufikia mwaka 2003 ilibaki pungufu ya kilomita moja, na imeendelea kupungua. Baba hahitaji namba hizo. Ananiambia mahali ambapo zamani wageni walifunga meno ya chuma, na mahali walipokuja kuyafunga miaka ya mwisho aliyobeba mizigo, na katikati ya mahali hapo pawili kuna mwendo mrefu wa kupanda juu ya mwamba mtupu. Nilihofia kwamba mtoto atamweleza babu yake habari za theluji isiyo na mwisho, ya kukanyagwa na kila mtu, na mzee atasikia kama anasimuliwa utajiri wa jirani.

Haikuwa hivyo. Baba alikuwa amekaa kibarazani, na swali lake la kwanza halikuwa juu ya mbao wala kuanguka. Aliuliza, "Theluji yao inalia?"

Mtoto akaelewa mara moja. Mimi ndiye niliyechelewa. Theluji ya baridi kali inalia ukiikanyaga, chembe zake kavu zinasagana. "Inalia, Babu! Inasema krup, krup!" Akajaribu kwa mdomo, haikutoka sawasawa. Akajaribu kwa meno. Akakasirika. Kisha akaingia jikoni mbio.

Bibi yake alikuwa anataka kusonga bundu, ugali wetu wa muhogo, na unga ulikuwa kwenye kaveera kubwa, mfuko wa plastiki, mweupe, mkavu, laini. Sijui mtoto aliushika lini akausikia, labda siku nyingi kabla hajaijua theluji. Alirudi ameikumbatia kaveera kifuani, unga unamwagika kwenye gauni, Bibi anamfuata nyuma na mwiko. Akauchukua mkono wa babu yake, akauingiza mle ndani hadi kwenye kifundo cha mkono, akaweka vidole vyake vidogo juu ya vidole vya mzee, akaminya.

Krup.

Nilikuwa hatua mbili pembeni, nikaisikia. Ilikuwa ni ileile, sauti ya buti zetu tukitoka kwenye mlango wa dada yangu asubuhi gizani.

Baba akaminya tena, peke yake sasa, amefumba macho. Akaminya mara ya tatu.

"Hii sikuwahi kuisikia," akasema. "Ya kwetu imelowa. Ya kwetu inadondoka tu, tii, tii, usiku kucha, uko ndani ya kibanda unaisikia."

"Inadondoka wapi, Babu?"

"Kwenye miamba. Inateremka Bujuku, inakuja Mubuku."

Mtoto akafikiri. Akauliza kama nayo inateremka kwa visigino. Baba akafumbua macho, akacheka, akasema hapana, ile inajua. Mkono wake ulibaki ndani ya unga, na Bibi, ambaye maji yake yalikuwa yameshachemka, akasimama mlangoni na mwiko akiwasubiri.